Jino Lililokuwa Halijatafuna Kitu

Bibi alifika kutoka Newala Jumapili jioni na wala hakuniuliza naendeleaje. Alinishika kidevu, akaligeuza shavu langu lililovimba kuelekea kwenye taa, akaguna.

"Mume gani huyu, shavu kama andazi." Kisha akauliza, "Jino lenyewe liko wapi?"

Nilikuwa siku ya tatu tangu ling'olewe. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kijiko cha chai tu, kwa hiyo nikamwonyesha kabati kwa kidole.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la korosho hapa Mtwara. Kazi yangu ni mdomo: gunia likipanda mizani natamka kilo, mwenzangu anaandika, linashuka, linapanda jingine. Msimu ukianza Oktoba hakuna kuumwa. Na ni msimu huo huo, mwaka juzi, gego la mwisho upande wa kulia chini lilipoanza kuchungulia. Kipande cheupe kidogo tu, chembe ya mchele, huku fizi imekifunika nusu kama shuka fupi. Chakula kinaingia chini ya ile fizi na mswaki haufiki. Baada ya wiki shavu limejaa, na kumeza mate ni kazi ya kujipanga.

Jirani akasema ni mdudu, ning'ate karafuu. Niliing'ata. Karafuu ni kweli inatia ganzi, ila nilivyoibana usiku kucha iliniunguza fizi nikaamka na matatizo mawili. Nikahamia kwenye vidonge vya dukani. Hapo ndipo nilipoelewa kangomba kwa mwili wangu. Kwa msiotoka Kusini: kangomba ni ule ununuzi wa kichochoroni, mkulima mwenye shida anauza korosho zake kwa bei ya kutupa, mara nyingi kabla hata hajazivuna, apate hela ya leo. Kidonge kilinipa usiku mmoja wa usingizi, na kila uvimbe uliporudi ulirudi na riba. Miaka miwili nimelipa hivyo. Si kwamba sikuwa na hela ya hospitali. Niliogopa, basi.

Safari hii taya ilikaza kabisa, nikaenda. Daktari wa meno hakuling'oa siku hiyo. Alisafisha chini ya fizi, akaniandikia dawa, Flajili ikiwemo, akanionya nisichanganye na pombe, akaniambia nirudi uvimbe ukishuka. Niliporudi alinionyesha picha ya eksirei. Nilitegemea kuona jino limesimama. Lilikuwa limelala chali ndani ya taya, kichwa chake kimemgusa jirani ubavuni, kama abiria aliyechukua siti mbili. Magego haya ya nyuma kabisa, kwa kawaida manne, ndiyo yanayotoka mwisho, mtu akiwa na miaka kati ya 17 na 25 hivi, wakati mengine yote yameshakaa. Taya ikiwa fupi, nafasi hakuna, nayo yanalala au yanakwama njiani. Watu wanayaita meno ya hekima. Langu lilikuja na hekima ya kugonga ukuta.

Kuhusu kung'olewa kwenyewe nitasema machache, maana nililoogopa halikutokea. Sindano ya ganzi iliuma kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Midomo upande mmoja ikawa si yangu. Alichana fizi, akapunguza mfupa kidogo kwa drili, halafu akalikata jino vipande, kwa sababu lililolala halitoki zima. Maumivu sikusikia. Nilichosikia ni sauti. Fuvu lako mwenyewe linakuwa ngoma, drili inaimba ndani yake, na kuna mlio mmoja wa "kaa!" jino linapopasuka ambao hadi leo nikitulia nausikia. Baada ya hapo kusukumwa, kuvutwa, nyuzi tatu, na pamba ya kung'ata kwa saa nzima.

Muuguzi alikuwa akiniuliza maswali na mimi naitikia kwa kichwa tu. Umesikia usiteme mate kwa nguvu? Naitikia. Usinywe kwa mrija, usivute sigara, lile bonge la damu likitoka kwenye shimo mfupa unabaki wazi na utajuta? Naitikia. Maji ya chumvi ya uvuguvugu kuanzia kesho? Naitikia. Akauliza jambo jingine sikulishika, nikaitikia pia. Ndiyo maana nilifika nyumbani na kidole cha glovu kilichofungwa fundo, na ndani yake vipande vitatu.

Bibi alilifungua lile fundo kwa kucha, akavimimina vipande kwenye kiganja. Havikuwa vyeupe kama nilivyotegemea, vilikuwa na rangi ya tui. Mzizi mmoja ulipinda nchani kama ndoano. Akakigeuza kipande cha juu kwa kidole gumba, akakipitisha ukucha kwenye mabonde yake, taratibu, kama anayechagua mbegu.

"Hili halijatafuna kitu," alisema. "Halina hata alama."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Yale mabonde yalikuwa makali bado, mapya kabisa, ya jino lililofika halafu likakaa gizani.

Bibi anajua meno. Ya mbele ya juu alichongwa akiwa msichana, kama wengi wa umri wake kule Umakondeni, na mawili yaliyobaki bado yana ncha. Usiku ule alinisimulia, kwa kuwa mimi sikuweza kumkatisha. Alilazwa chini, kichwa kwenye mapaja ya shangazi yake, akapewa kijiti cha kung'ata, fundi akaja na patasi ndogo. Ganzi hakuna. Nikakusanya nguvu nikamuuliza kwa midomo iliyofumba kama alilia.

"Ukilia unaachwa hapo hapo. Utaolewa na jino nusu?" Akacheka mpaka ncha zile zikaonekana.

Nilitaka kumwambia kwamba mateso yake yalikuwa ya urembo na yangu ya ugonjwa, haviwezi kupimwa mizani moja. Lakini sikuwa na mdomo, na nadhani ilikuwa heri. Yeye yake aliyachagua, angalau anasema aliyachagua, na anayazungumza kwa maringo. Mimi langu lilinifukuza miaka miwili nikaja kulitoa nimelala ghala zima limebaki bila karani.

Kesho yake alinunua barabarani ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya huku Kusini, akakaa mkekani karibu yangu, akawa anaimenya na kuichovya kwenye chumvi na pilipili. Magego yake ya nyuma yapo, ya mwisho pia, yamelika mpaka yamekuwa bapa. Mimi nakunywa uji uliopoa. Alinitazama mara moja tu, akaendelea kutafuna.

Nyuzi zilitolewa siku ya saba. Daktari amesema la kushoto nalo limelala vile vile. Bado halijaanza fujo.

Leo alfajiri nimempeleka Bibi stendi kwa bajaji. Vile vipande amevifunga kwenye pindo la khanga, anakwenda kuvifukia chini ya mkorosho wa babu, kwa sababu, anasema, kitu kilichotoka kwa mtu hakiachwi kwa wageni. Ameshaketi dirishani, gari linaunguruma, akatoa mkono akanivuta sikio.

"Hilo la kushoto siku ukilitoa, usilisahau hospitali."

Nikaitikia kwa kichwa.