Kumbe kona yangu ilikuwa kwenye mabomba

Miezi minane natafuta kona yangu, yaani aina ya uwekezaji wa nyumba na viwanja inayonifaa, lakini narukaruka tu. Leo viwanja, kesho fremu za biashara, keshokutwa nyumba za kukarabati na kuuza. Daftari limejaa, nyumba sina hata moja.

Leo nimeenda kuangalia kijumba cha vyumba viwili, ninunue nipangishe. Dalali anasifia rangi mpya, mimi macho darini. Duara la kahawia, dogo kama kisahani. Wamelipaka rangi, limerudi.

"Hili bomba linavuja tangu lini?"

Dalali kimya. Mwenye nyumba akacheka, akashusha bei palepale.

Miaka yote hii mimi ni fundi bomba, na nilikuwa nawaonea wivu watu wa maghorofa!

Sijasaini. Kwanza nipige hesabu ya matengenezo, na miezi ya kukaa bila mpangaji.

Nyie mlianza na nini?