Babu Alizaliwa Kismayu, Lakini Nchi Gani?

Dada yangu yuko Toronto, na karatasi zake ziliwahi kurudishwa kwa sababu ya mama. Cheti kimoja kilisema mama kazaliwa Zanzibar, fomu aliyoijaza mwenyewe ikasema Tanzania. Akanipigia usiku: "Kaka, hivi mama alizaliwa wapi?" Nikamwambia mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, mwaka 1961. "Ng'ambo naijua. Nchi, nakuuliza nchi."

Sikuwa na jibu la haraka. Mwaka 1961 hakukuwa na nchi iitwayo Tanzania. Unguja ilikuwa ya Sultani, chini ya ulinzi wa Mwingereza. Uhuru ulikuja Desemba 1963, mapinduzi mwezi uliofuata, muungano na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likatoka Oktoba mwaka huohuo. Dola zote hizo zimepita mama hajafika hata umri wa kwenda chuo cha Kurani, wala hajahama Ng'ambo.

Orodha ya nchi kwenye fomu haikuwa na Zanzibar, kwa hiyo dada alichagua Tanzania, akaandika "Ng'ambo, Zanzibar" penye nafasi ya mji, na akaambatisha aya moja ya maelezo yenye tarehe hizo. Karatasi zikapita. Mimi nikaona afadhali nitengeneze daftari zima la ukoo kabla mwingine hajakwama.

Kwa baba haikuwa kazi kubwa. Lamu, 1949. Wengi huandika Koloni la Kenya, na hapo hukosea: koloni lilikuwa bara. Ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini pamoja na visiwa vya Lamu, ulikuwa Protektoreti ya Kenya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi tu, mali ya Sultani wa Zanzibar ambaye Mwingereza alimlipa kodi hadi 1963. Baba akikaa barazani hupenda kusema alizaliwa chini ya bendera nyekundu. Nilidhani ni maringo ya wazee, kumbe ni kweli tupu.

Kilichonichukua wiki nzima ni babu, baba yake mama. Nilimwendea ami yake mama, mdogo wa marehemu, nyumbani kwake mtaa wa Kibokoni.

"Babu alizaliwa nchi gani?"

"Nchi? Kismayu, mwanangu."

Akainuka taratibu, akaniletea msahafu wa baba yao. Nyuma kabisa, kwa wino uliogeuka rangi ya chai, watoto wote wameandikwa kwa herufi za Kiarabu. Jina la babu, kisha: Kismayu, Mfunguo Nne, 1343. Mfunguo Nne ni Muharram, na Muharram ya 1343 kwa hesabu ya Kiislamu iliangukia Agosti 1924. Nilihesabu mara mbili, maana kwa Kismayu mwaka mmoja tu hugeuza kila kitu. Mwingereza alikuwa amemwahidi Mtaliani ardhi tangu 1915 ili aingie vitani upande wake. Mkataba wa kumpa Jubaland, jimbo lenye mji wa Kismayu, ulitiwa saini Julai 1924, lakini makabidhiano yenyewe yakafanyika katikati ya 1925. Babu alizaliwa katikati hapo: wino wa mkataba umeshakauka, lakini mtawala aliyeko mjini bado ni yuleyule wa Kenya. Hajatimiza mwaka, akawa mtoto wa mji wa Mtaliani. Na tangu 1960 mji huo uko Somalia.

Ningekuwa na "miaka ya ishirini" tu, kama tulivyozoea kukisia, nisingejua nimweke wapi. Ndiyo maana sasa naanza na tarehe, hata kama ni lazima nimsumbue mzee kwa maswali ya mvua na misiba. Tarehe ikishapatikana, naandika mji kwanza, kisha dola ya siku ile, kisha jina la leo kwenye mabano. Karatasi za serikali nazijaza vingine: huko nanakili kilichomo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hata kama kihistoria kina kasoro. Karani analinganisha karatasi na karatasi, historia hana habari nayo.

Kwa babu niliandika: Kismayu, Jubaland, Kenya ya Mwingereza (leo Somalia). Mzee akavaa miwani, akasoma, akauliza kwa nini maneno yote hayo ilhali baba yake aliandika Kismayu tu. Nikapiga picha ule ukurasa wa msahafu, nikaubandika pembeni.