Tovuti ya dagaa, wiki ya tatu: ukurasa umeacha kuteleza

Imekubali! Saa sita na nusu usiku, bando limebaki la kusalimia tu, ukurasa umetulia kwenye simu kama mtumbwi uliofungwa.

Ni ile tovuti ya mama anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kwenye laptopu yangu ilipendeza. Alipoifungua kwenye Android yake ndogo yenye ufa, akaivuta kulia, akaivuta kushoto; akiona jina la dagaa, bei ya gunia imepotea. "Mwanangu, na mteja wangu wa Dar ataihangaikia hivi hivi?" Nikakosa la kusema. Mwenye lori akiwa njiani Usagara hafungui laptopu.

Mstari wa viewport, ule unaoiambia simu ipange ukurasa kwa upana wa kioo chake, nilishauweka, msiniulize. Nikashuku jedwali la bei, nikaliwekea kisanduku chake liburuzike peke yake. Bado. Nikashuku picha ya ziwa, nikaibana isizidi kioo. Bado. Siku ya nne nikafanya uhuni: overflow-x: hidden kwenye body, yaani amri ya kuficha chochote kinachozidi pembeni mwa ukurasa. Kuteleza kukaisha, ila namba ya simu niliyoiegemeza kulia kule chini ikakatwa tarakimu mbili za mwisho. Duka lisilopigika!

Jana nikazungushia kila kitu mstari mwekundu, na mwizi akajitokeza: ramani ya Google. Ile fremu ya ramani unayoinakili kutoka Google inakuja na upana wa pikseli 600 umeandikwa kabisa. Simu ya mama ina 360. Hesabu ya darasa la tatu, imenila siku tano! Nimeweka upana wa 100%, uhuni nimeufuta.

Kile kisimu cha kuigiza ndani ya Chrome nakikubali kwa vipimo, lakini hakina jua la Mwaloni wala kidole chenye magamba ya samaki. Tafuteni simu ya bei ya chini, iliyochoka. Na mkiambiwa na mwenye duka kuwa tovuti ni mambo ya kompyuta, mkumbusheni kuwa Google yenyewe ilitangaza tangu 2016 kwamba itaorodhesha kurasa kwa kutazama toleo la simu.

Fomu ya oda, zamu ya wiki hii, sijaigusa, na sidhani nitaigusa. Nimeweka kitufe kikubwa cha kupiga, na sasa nawaza mama awe anabadilisha bei ya siku kwa kutuma ujumbe tu.

Asubuhi amekijaribu kitufe, akajipigia mwenyewe, akaambiwa namba inatumika. Akacheka, kisha akauliza kwa nini bei nimeziandika kwa kijivu, juani hazionekani. Nazikoleza sasa hivi.