Mbuzi aliyefungwa kwenye bikoni

Siku ya kwanza ya utafiti wangu Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, milango mitatu ilifungwa kabla sijafika. Taratibu zote nilikuwa nimefuata: barua ya chuo, kibali cha mtendaji wa kata, mjumbe wa shina akinitangulia. Lakini mkononi nilishika tepu ya kupimia upana wa vichochoro. Chang'ombe ni makazi ambayo watu walijijengea wenyewe kabla ya kupimwa, na mgeni mwenye tepu akionekana, kila mtu anawaza alama nyekundu ya X ukutani, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Niliirudisha tepu kwenye mkoba na sikuitoa tena wiki nzima.

Nasoma maendeleo ya jamii katika chuo cha kanisa, mwaka wa tatu, na muhula huu tuna somo la jamii za mijini. Kwetu ni Kongwa. Nikienda likizo, wazee wa usharika wananiuliza Mkristo anatafuta nini darasani kuhusu mitaa na vichochoro, wakati kazi ya kanisa mjini inajulikana: kuhubiri na kujenga. Nimeshindwa kuwajibu mara mbili. Hapa najaribu.

Dodoma ni mji uliochorwa kwanza, watu wakaja baadaye. Serikali iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, ikaunda CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kusimamia kazi hiyo, na mpango mkuu wa 1976 ukaandaliwa na kampuni ya wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Nilipousoma nilishangaa. Nilitarajia maghorofa, nikakuta nyumba kumi kumi: mji uanze na majirani wachache wanaofahamiana, kisha wakusanyike hadi kuwa jamii kubwa zaidi. Kwa mtu aliyelelewa katika jumuiya za kanisa, za kusali nyumba kwa nyumba, wazo hilo si geni hata kidogo. Ila watu hawakusubiri mchoro. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika manispaa. Ile ya 2022 ikakuta 765,179, na katikati hapo serikali ilikuwa imehamia kweli, CDA imevunjwa (2017), na manispaa imetangazwa kuwa jiji, tarehe 26 Aprili 2018.

Darasani hizo zilikuwa tarakimu tu. Zikapata uso nilipofika kwa Bibi.

Simtaji jina. Alikuja mjini kutoka Bahi mwaka wa njaa, akiwa na mtoto mgongoni. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akacheka, akanisogezea kigoda. Uani kwake kuna mwarobaini, jiko la matofali ya udongo, na bikoni ya zege, alama ya mpaka wa kiwanja inayowekwa na wapimaji, imechomoza kama shubiri moja juu ya ardhi, yenye kipande cha nondo katikati. Kwenye nondo hiyo amefunga mbuzi. Kamba imezunguka mara nyingi mpaka zege limeng'aa upande mmoja, na kivuli cha mwarobaini kikisogea, Bibi anahamisha majani ya mlenda aliyoanika, sio mbuzi.

Bikoni ile ilipandwa wakati wa urasimishaji, yaani makazi yaliyokwisha kujengwa yalipopimwa ili yatambuliwe kisheria. Mstari wake unapita kati ya nyumba na jiko. Kwa hiyo nyumba iko kwenye kiwanja, jiko liko barabarani.

Nikafungua dodoso. Swali la nne: kipato cha kaya kwa mwezi. Bibi akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mwezi, mjukuu wangu? Mimi nahesabu mpaka jioni." Akanieleza: akiuza karanga za kukaanga na ubuyu, akitoa za maji ya madumu na mchango wa vikoba, kinachobaki ndicho kipato. Nililifuta swali lile na kuandika lake. Dodoso zima likabadilika kuanzia hapo, na nashukuru mwalimu wangu alikubali.

Alhamisi mwalimu huyohuyo alitusomesha Zakaria sura ya pili. Nabii anamwona mtu mwenye kamba ya kupimia, anakwenda kuupima Yerusalemu, upana wake na urefu wake. Malaika anaambiwa akimbie akamwambie kijana huyo kwamba mji utakaliwa kama vijiji visivyo na kuta, kwa sababu ya wingi wa watu na wanyama watakaokuwa ndani yake. Nilisoma mstari ule mara tatu. Na wanyama! Nilimwona mbuzi wa Bibi pale pale darasani. Sisemi Mungu anapinga upimaji. Mtaa usiopimwa gari la zimamoto haliingii, mabomba hayana pa kupita, na hati inamlinda mjane asinyang'anywe. Ninachosema ni kwamba anayepima anapaswa kujua kwanza nani anaishi pale, na anaishi vipi.

Na kanisa je? Hili ndilo limeniuma. Jumuiya ya Bibi ilimpenda kweli. Walikuja na maharage na sabuni, wakamwombea machozi yakitiririka. Lakini ramani ilipobandikwa kwenye ofisi ya mtaa ili mwenye pingamizi aseme, Bibi hajui kusoma, na katika wote waliomwombea hakuna aliyekwenda kumsomea. Wamo walimu mle, wamo makarani. Haikuwapitia akilini kwamba kusoma ramani ni kazi ya jumuiya. Torati inakataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani, nasi tumeihubiri kama amri ya kutoiba. Sijawahi kusikia ikihubiriwa kwamba nimsaidie jirani kujua mpaka wake uko wapi.

Wazee wangu wa Kongwa, hicho ndicho nilichoendea chuo.

Ripoti ya chuo lazima iwe ya Kiingereza. Nyingine naiandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, herufi kubwa, na Jumamosi naipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa nikaisome mbele ya watu. Bibi ameniagiza niandike kuwa bomba la karibu linatoa maji usiku wa manane, na anayeamka kukinga ni mjukuu wake wa darasa la sita. Nimeiweka sentensi ya kwanza.