Zebaki ilipomwagika chumbani mwa mwanangu

Mtoto alikuwa anachemka, nami nilikuwa nakung'uta themometa ya kioo ili nimpime. Ikaniponyoka, ikapasuka kwenye vigae. Zebaki ikatawanyika kama shanga za fedha hadi chini ya kitanda, na mwanangu akainama kuzishika. Nilimdaka mkono.

Simlaumu, maana inavutia mno. Ni metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida la chumba, na haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 39 chini ya sifuri. Ni nzito mara 13.5 kuliko maji, hata kipande cha chuma huelea juu yake.

Nilishika ufagio, kisha nikauweka. Ukifagia, kila tone hugawanyika vitone vingi, na mvuke huzidi. Mvuke huo ndio adui. Hauna rangi wala harufu, na sehemu kubwa ya unaovutwa huingia kwenye damu, ukafika kwenye ubongo na figo. Mashine ya kufyonza vumbi nayo huusambaza nyumba nzima.

Nilimpeleka mtoto chumba kingine, nikafunga mlango na kufungua madirisha. Nikavua pete, kwa kuwa zebaki hushikamana na dhahabu na kuiharibu, kisha nikavaa glavu. Kwa vipande viwili vya boksi nikasukuma matone polepole. Yalipogusana yaliungana, nikayachota na kuyatia kwenye chupa yenye mfuniko. Halafu nikazima taa na kulaza tochi sakafuni. Hapo ndipo nilipoona mengine madogo kama punje za chumvi, yakimetameta. Hayo niliyanasa kwa selotepu. Soksi nilizokuwa nimevaa sikuzifua. Niliziweka kwenye mfuko pamoja na vioo, nikaufunga, nikapeleka vyote panapopokelewa taka za sumu. Sikumwaga hata tone kwenye sinki.

Kilichonifanya niwe makini hivyo ni Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga baharini kwa miaka mingi maji taka yenye methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni. Ikaingia kwenye samaki. Paka walianza kurukaruka kwa degedege, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu. Kinachoniumiza zaidi ni watoto waliozaliwa na ubongo ulioharibika ilhali mama zao walionekana wazima au walikuwa na dalili chache tu. Ile ni zebaki ya aina nyingine, kali kuliko ya themometa, lakini kwangu jina moja lilitosha. Mkataba uliobeba jina la mji huo, wa 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza themometa kama yangu, isipokuwa kwa nchi zilizoomba muda zaidi. Yangu ilikuwa ya zamani, imesahaulika kwenye droo.

Siku ya pili nilirudi na tochi. Kwenye mfereji kati ya vigae, karibu kabisa na mguu wa kitanda, kulikuwa na kitone kimoja kimebaki. Nikakata selotepu.