Stempu za ukoo wa Thurn und Taxis

Leo mchana nimeshika stempu zao za 1852, na macho hayakutoka kwenye thamani.

Ukoo huu wa kifalme wa Ujerumani asili yake ni karibu na Bergamo, Italia. Mwaka 1490 Franz von Taxis alimwandalia Maximilian I, mfalme wa Wajerumani, njia ya posta kutoka Innsbruck (Austria) hadi Mechelen (Ubelgiji ya leo): kila kituo farasi mpya, mfuko wa barua hausimami.
Mkataba wa 1505 uliwabana: barua itoke Brussels hadi Innsbruck kwa siku 5 na nusu kiangazi, 6 na nusu baridi.

Sasa hizo stempu.
Posta moja, sarafu mbili! Kaskazini Silbergroschen, kusini Kreuzer, maana kila nchi ndogo ya Ujerumani ilikuwa na fedha yake.
Wino mweusi, karatasi ya rangi, bila matundu ya kuchania. Nafasi kati ya stempu na stempu ni finyu mno, mkasi ukiteleza kidogo tu umekula fremu. Zenye kingo nne kamili ndizo za kugombania.
Muhuri wa posta wa duara nne, moja ndani ya nyingine, una namba katikati. Namba hiyo ndiyo ofisi ya posta iliyougonga.

Mwaka 1867 Prussia, dola kubwa ya kaskazini mwa Ujerumani, ikaichukua posta yote ya ukoo huu kwa thaler (sarafu ya fedha ya huko) milioni 3. Bei ya kulazimishwa, kwa maoni yangu.

Nani anazo? Tupieni picha, tusome namba.