Mnato wa mantili: kasi moja, majibu mawili

Hatimaye hesabu imekubali: nilikuwa natafuta mnato wa mantili (tabaka la mwamba chini ya ganda la Dunia) kutokana na kasi ya ardhi kuinuka baada ya barafu iliyoikandamiza kuyeyuka. Msimbo haukuwa na kosa hata mstari mmoja. Swali lenyewe ndilo lenye majibu mawili.

Modeli ni ile ya kawaida: mnato mmoja hadi chini, msongamano ρ 3300 kg/m³, urefu wa wimbi la mbonyeo λ kilomita 3000, muda wa kuinuka τ = 4πη/(ρgλ), η ikiwa mnato na g mchapuko wa graviti. Barafu ilipoisha miaka 10,000 iliyopita, bonde iliyolikandamiza lilikuwa na kina (w₀) cha mita 350. Höga Kusten, Uswidi, leo inainuka karibu milimita 8 kwa mwaka. Itafutwe η inayotoa kasi hiyo.

Hapo Newton-Raphson, njia ya kukisia jibu kisha kulisogeza kwa kufuata mteremko, ikaanza vituko. Ukiianzisha kwenye 10²¹ Pa·s, inatua 1.05 × 10²¹. Ukiianzisha kwenye 10²², inatua 7.8 × 10²¹. Ukiianzisha kwenye 2.4 × 10²¹, inaruka hadi mnato hasi! Kubana hatua kunazuia mruko huo, lakini majibu yanabaki mawili.

Kiini ni hiki: kasi ya leo ni (w₀/τ)e^(−t/τ), t ikiwa ile miaka 10,000, nayo hufika kilele τ inapolingana na t, hapa η ikiwa 2.44 × 10²¹. Kileleni mteremko ni sifuri, na Newton hugawanya kwa mteremko. Mantili nyepesi imeshainuka sana na sasa inamalizia. Mantili nzito ndiyo kwanza inaanza. Kwa kipimo cha leo pekee, zote mbili zinaonekana sawa.

Dawa: kugawa masafa ya η nusu kwa nusu hadi jibu libanwe, mara mbili, kila upande wa kilele: 10²⁰ hadi 2.44 × 10²¹, kisha kutoka hapo hadi 10²³. Fanya kwenye log η, la sivyo mizunguko mingi inaishia upande mzito. Ni njia ya kizee, lakini haikimbii.

Mwamuzi ni ufuo wa kale. Jibu jepesi linainua ardhi mita 315 tangu barafu iishe. Zito, mita 94 tu. Ufuo wa juu kabisa pale uko mita 286 juu ya bahari, na bahari yenyewe imepanda makumi ya mita tangu wakati huo. Jibu zito limekufa. Lililobaki linakaa palepale alipofika mwanajiofizikia Haskell mwaka 1935, karibu 10²¹.

Lithosfia, tabaka gumu la juu la Dunia, ilikuwa iingie kwenye modeli leo. Imeahirishwa: yenye unene wa kilomita 100, kwa λ hii inabadilisha τ kwa chini ya asilimia 1. Kwa λ ya kilomita 300 ndiyo inayotawala, inagawa τ kwa makumi. Kwanza nataka kujaribu vipimo vya graviti: jibu jepesi limebakiza mita 35 za kuinuka, zito 256, na upungufu wa uzito wa namna hiyo hauwezi kujificha.